Uliza maji kwanza

Majira ya joto ya Ulaya yanapokaribia, matangazo ya safari za Zanzibar huanza kusema kitu kimoja. Hoteli nyingi za pwani ya mashariki ya Unguja sasa zinajiita rafiki wa mazingira, na ushahidi unaotolewa ni ule ule: mirija ya karatasi badala ya plastiki, sabuni ya kujaziwa kwenye chupa, na kikaratasi juu ya kitanda kinachomwomba mgeni atumie taulo lile lile siku ya pili. Hayo si mabaya hata kidogo. Kinachoniudhi ni kwamba yanajibu swali dogo ili lile kubwa lisiulizwe. Mtu anayetaka safari yake isiiumize nchi anayoitembelea, awe anatoka Manchester, Muscat, Nairobi au Mwanza, ana swali moja la kuuliza kabla hajalipia chumba: maji nitakayooga yanatoka wapi, na yakija kwangu ni nani anayeyakosa?

Nalitanguliza swali hilo kwa sababu ya jinsi kisiwa chenyewe kilivyo. Unguja haina mto mkubwa wala ziwa la kutegemewa. Maji yake ni mvua inayozama ardhini, ikakaa ndani ya mwamba wa matumbawe juu ya maji ya bahari, kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi. Upande wa mashariki, ambako ardhi ni mawe matupu, tabaka hilo la maji matamu ni jembamba. Ukivuta kwa kiasi, mvua inayofuata hulijaza tena. Ukiliwekea pampu usiku na mchana, chumvi hupanda kutoka chini, na kisima kikishaingia chumvi si rahisi kukirudisha. Mwaka 2012 shirika la Uingereza la Tourism Concern lilichapisha utafiti uliogusa Nungwi, Kiwengwa na Jambiani. Kaya ya kawaida ilikutwa ikitumia wastani wa lita 93 kwa siku. Nyumba ya wageni ilitumia lita 686 kwa chumba kimoja. Hoteli ya nyota tano ilitumia lita 3,195 kwa chumba kimoja.

Tuzihesabu lita hizo kwa ndoo, maana ndoo ndicho kipimo cha watu wanaoyateka. Lita 93 ni ndoo tano kasoro. Ndani ya ndoo hizo mna wali wa familia nzima, vyombo, sare za shule, kuoga kwa watoto na watu wazima, na udhu wa sala tano. Chumba kile cha nyota tano kilikuwa kikimaliza karibu ndoo 160 kwa siku, yaani maji ya zaidi ya kaya 30. Mgeni hayanywi yote hayo wala hayaogi. Yanakwenda kwenye bustani ya majani mabichi juu ya mawe yasiyoota majani, kwenye bwawa la kuogelea lililochimbwa mita chache kutoka baharini, na kwenye mashine za kufulia shuka. Mgeni mwenyewe huenda haoni hata tone la hayo, na ndiyo maana yule anayemsifia mrija wa karatasi hapati taabu kumridhisha.

Nimesikia jibu la wenye hoteli na watetezi wao, nalo si la kubezwa. Wanasema wamechimba visima kwa fedha zao, hawagusi bomba la kijiji, na wengine wamefunga mitambo ya kuondoa chumvi kwenye maji ya bahari. Lakini kisima cha hoteli na cha kijiji jirani vinachota kwenye tabaka lile lile. Ukuta wa hoteli unaishia juu ya ardhi, maji yaliyo chini hayaujui. Aliyechimba kwa kina zaidi na kufunga pampu yenye nguvu zaidi ndiye anayepata kwanza, na mwenye kamba na ndoo ndiye anayeachiwa chumvi. Mitambo ya kuondoa chumvi ni nafuu ya kweli kwa visima, ila inakula umeme mwingi na kuacha maji yenye chumvi kali ambayo lazima yamwagwe mahali fulani. Mgeni ana haki ya kuuliza yanamwagwa wapi. Isitoshe, msimu mkubwa wa wageni ni Juni hadi Oktoba, kisha Desemba hadi Februari, miezi ambayo sehemu kubwa yake haina mvua ya maana. Masika yanaponyesha, Machi hadi Mei, vyumba vingi ni vitupu. Anayeweza kuchagua tarehe, basi, aje Juni masika yakiwa yametoka kumalizika, kabla kisiwa hakijakauka.

Kwamba inawezekana kuishi vingine hakuhitaji nadharia. Kisiwa cha Chumbe, kusini-magharibi mwa Mji Mkongwe, kimeonyesha hilo tangu miaka ya 1990. Miamba yake ilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1994, na waliokuwa wavuvi wakafundishwa kazi ya ulinzi wake. Kisiwa hakina kisima. Nyumba za wageni ni saba tu, kila moja na paa pana lililoundwa ili mvua iteremke, ichujwe na kuingia kwenye tangi lililo chini ya sakafu. Maji ya kuoga hupandishwa kwa pampu ya mkono na kupashwa moto na jua. Choo hakitumii maji kabisa, kinyesi hugeuzwa mboji, na maji ya bafuni hupita kwenye kitalu cha mimea kabla ya kufika ardhini. Hakuna bwawa la kuogelea, na hakuna anayelilia, kwa sababu miamba yenye mamia ya aina za samaki iko hatua chache kutoka kitandani.

Hapo huja pingamizi kwamba huo ni utalii wa wenye nazo, na kwamba mtu wa mshahara wa kawaida hawezi kulipia Chumbe. Ni kweli hawezi. Ila zitazame tena takwimu za 2012. Nyumba ya wageni ya kawaida, ambayo mara nyingi ndiyo mwenyeji mwenyewe anaweza kuimiliki, ilitumia chini ya robo ya maji ya chumba cha nyota tano. Chumba cha bei nafuu kijijini, chenye feni, ndoo na kopo bafuni, hakijiiti cha kijani, na bado kinachukua kidogo zaidi kuliko jengo lililojipamba kwa mianzi. Fedha ya mgeni nayo hukaa karibu: kwa muuza pweza, kwa dereva wa daladala, kwa mama wa chapati. Ufukara wa vifaa sitaki kuusifia, kwa kuwa hata nyumba hizo zinahitaji makaro mazuri ili maji machafu yasirudi visimani. Ninachosema ni kwamba kuijali nchi ya watu hakumdai mtu utajiri.

Pingamizi zito kuliko yote linatoka kwa wanaosema heri mgeni asije kabisa. Safari ya ndege ya kwenda na kurudi kati ya London na Zanzibar humwekea abiria mmoja zaidi ya tani moja ya hewa ya ukaa, wakati Mtanzania wa kawaida hafikishi hata nusu tani kwa mwaka mzima. Hakuna mrija wala taulo linalofuta deni hilo. Nalikubali, na ndiyo sababu naona safari tatu za siku nne nne ni mbaya kuliko moja ya wiki mbili, na kwamba anayetoka Dar es Salaam apande boti. Lakini kutokuja kabisa nako kuna gharama. Mwaka 2020 korona ilipofunga mipaka, hifadhi za Uganda zilibaki bila wageni, na mwezi Juni gorila wa milimani aliyeitwa Rafiki, kiongozi wa kundi lake katika msitu wa Bwindi, aliuawa kwa mkuki na mtu aliyeingia kuwinda wanyama wadogo. Sisemi korona ndiyo iliyoshika mkuki. Nasema msitu ambao jirani yake hapati kitu una walinzi wachache wa hiari. Ada za wageni zilikuwa zikifika vijijini, na ada hizo zilikatika wakati ambapo watu walikuwa na shida zaidi.

Kwa hiyo mgeni aje, ila aje akiuliza, na tusimwachie mgeni wa mbali kazi hiyo peke yake. Sisi tunaokwenda Zanzibar kwa sikukuu, harusi na semina tunalala kwenye vyumba vile vile na kuoga maji yale yale, na hatuulizi kabisa. Aulizwe mwenye hoteli: chumba hiki kinatumia lita ngapi kwa siku? Kisima kiko wapi, na mita ipo? Maji machafu yanaishia wapi? Kijiji kinapata maji siku ngapi kwa wiki? Asiye na majibu hajapima, na asiyepima hana haki ya kujiita rafiki wa mazingira. Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar nayo ina namna rahisi ya kusaidia. Kila mwezi Mtakwimu Mkuu hutangaza idadi ya wageni walioingia visiwani, na mwaka 2023 walipita laki sita. Wanaohesabu watu kwa uangalifu huo wanaweza kuhesabu na lita, hoteli kwa hoteli, na kuzitangaza mahali ambapo mgeni atazisoma kabla hajalipa na mwanakijiji atazisoma kabla hajaambiwa kwamba kisima chake kimeharibiwa na ukame.