Adabu za Mkubwa kwa Mtoto Anayejifunza

Nasaha zetu za zamani humwelekea mtoto. Mwana Kupona binti Mshamu, alipotunga utenzi wake mwaka 1858, alimuusia binti yake Mwana Hashima. Katika karne ya 20 Shaaban Robert naye aliwatungia wanawe, Utenzi wa Hati kwa binti na Utenzi wa Adili kwa mwana wa kiume. Mtoto huambiwa aketi, asikilize, ashike. Mimi leo nataka kumuusia anayeusia. Mtoto wa miaka miwili, mitatu au minne, ambaye ndiyo kwanza anajifunza kuamkia, kuvaa, kula mwenyewe na kuuliza, anastahili kutendewa adabu na wakubwa wa nyumba, na adabu hiyo wengi wetu hatukufundishwa.

Tuanze na shikamoo. Mama amehangaika wiki nzima: "Mwamkie babu. Mwamkie mgeni." Siku mgeni anapofika, mtoto anasogea, anashika ncha ya kanga ya mama yake, anasema "chikamoo" kwa sauti ya mbu. Mgeni yumo kwenye simu yake. Mtoto anarudia. Kimya. Akija mgeni mwingine mtoto anajificha nyuma ya mlango, na mama anafedheheka: "Huyu sijui kakosa nini, hana adabu hata kidogo!" Aliyekosa adabu ni yule wa kwanza, na pengine ana mvi. Marahaba ni deni, na deni la mtoto hulipwa papo hapo. Acha unachofanya, mtazame, mtaje kwa jina lake, mwitikie kwa sauti kamili kama unavyomwitikia mtu mzima. Na siku aliyonuna usimshike kisogo ukamwinamisha mbele ya watu. Mwanze wewe: "Hujambo, mwanangu?" Atajibu sijambo, na kama hakujibu, mpishe. Hata wewe una siku zako.

Jambo la pili ni mikono yetu, ambayo haina subira. Mtazame mtoto wa chekechea akifunga vifungo vya shati asubuhi. Ulimi uko nje, kidole gumba kinasukuma kifungo, tundu linahama, kifungo cha pili kinaingia tundu la tatu, na shati zima linapanda upande mmoja. Nje bajaji inapiga honi. Hapo ndipo mkono wa mkubwa unapokuja kwa kasi, unafungua vyote na kufunga upya, na juu yake msonyo. Mtoto amejifunza mawili kwa mpigo: kwamba kazi ile haiwezi, na kwamba kutoiweza ni kosa. Mzazi mwenzangu, usifundishe vifungo bajaji ikiwa mlangoni. Fundisha Jumamosi. Siku za shule funga vya juu wewe, umwachie kimoja tu cha chini, ambacho anakiona bila kuvunja shingo. Akikizoea, mwachie viwili. Na shati likienda shuleni limepinda, hakuna mwalimu atakayekufa.

Jikoni nako ni hivyo hivyo. Mtoto akikuta unachambua mchele atataka ungo. Mpe konzi moja kwenye sahani yake. Atatoa chuya moja na kutupa punje nzima kumi, lakini amekaa, anatazama, na vidole vyake vinajifunza kushika kitu kidogo, ndivyo vitakavyoshika penseli baadaye. Umkaribishe kwenye kazi, lakini usimkaribishe kwenye moto. Jiko la mkaa na beseni la maji yanayochemka viwe mbali na mapito yake. Na mafuta ya taa, tafadhali, yasikae kamwe kwenye chupa ya soda. Tumemfundisha wenyewe kwamba chupa ile ina kitu kitamu, halafu tunamlaumu akinywa. Ikitokea amekunywa, usimtapishe wala usimpe maziwa, mkimbize hospitali.

Kuna kicheko kinachojenga na kuna kinachobomoa. Mtoto akikosea neno, nyumba nzima huangua kicheko, kisha anaombwa alirudie mbele ya majirani, na siku hizi anarekodiwa na kuwekwa kwenye status ya WhatsApp. Mwanzoni hufurahi. Ukimwangalia vizuri utaona siku moja anafunga mdomo kabla ya kulisema. Wewe litamke sawasawa ndani ya jibu lako, bila kumsahihisha, na usonge mbele na mazungumzo. Video mtumie bibi yake, inatosha.

Mtoto wa shoto naye nimwombee. Kwenye sinia pwani yetu hula kwa mkono wa kulia, na hilo mfundishe kwa upole, umkumbushe pale anaposahau. Kuandika ni jambo jingine. Kumfunga mkono wa kushoto au kumchapa vidole ili ahamishe penseli ni kumtesa bure, maana hakuuchagua yeye. Wanaopenda kutukumbusha kwamba samaki hukunjwa angali mbichi wakumbuke pia kuwa samaki mbichi hukunjwa kwa vidole, hahitaji nyundo.

Usimtishe mtoto kwa daktari. "Ukilia nitakupeleka uchomwe sindano" ni maneno ya kila nyumba, nayo ni maneno mabaya. Huyo mtoto amekutana na sindano tangu siku za kwanza za maisha yake, na kwa ratiba ya Tanzania hurudi kliniki akiwa na wiki 6, 10 na 14, kisha miezi 9 na miezi 18 kwa chanjo ya surua na rubela. Ataihitaji tena na tena sindano hiyo, na ukiifanya kuwa adhabu, siku akiugua utampeleka kwa kumburura. Mwambie kweli: itauma kidogo, nitakushika, itakwisha. Usimwambie haiumi.

Akiuliza kwa nini mwezi unatufuata, jibu. Hujui? Sema sijui, tutamuuliza shangazi. Kumkabidhi simu ili anyamaze ni rahisi, nakubali, nami sitajifanya malaika katika hili. Lakini Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilishauri mtoto wa chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne asizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Zaidi ya hayo, mtoto anayelishwa huku macho yake yakiwa kwenye katuni hajui alichokula wala kama ameshiba.

Limebaki la bibi. Wewe umesema chai isiwe na sukari nyingi, bibi anaongeza kijiko. Wewe umesema avae viatu mwenyewe, bibi amekwishainama anamvisha. Usimkosoe mama yako, na zaidi usimkosoe mama mkwe, mbele ya mtoto. Anajifunza kwako namna ya kumjibu mzazi, na somo hilo atalitumia kwako. Subiri alale, kisha zungumzeni: "Mama, naomba unisaidie kwenye hili la viatu." Mpe bibi kazi ya kumtazama mtoto akivaa na kumsifu, kazi ambayo hakuna aiwezaye kama bibi. Sukari nayo, chemsha chai wewe, uitie kijiko kimoja jikoni, na kopo la sukari lisifike mezani.