Mizani ya Pumzi

Surat al-Mutaffifin inawaonya vikali wanaopunja vipimo. Tumezoea kumfikiria muuza mchele. Je, mhandisi naye yumo?

Tazama oksimita, kifaa anachobanwa kidoleni mgonjwa wa nimonia au pumu. Hupitisha mwanga kwenye kidole na kukadiria oksijeni iliyomo katika damu. Lakini weusi wa ngozi nao hunyonya mwanga. Mwaka 2020 watafiti wa Michigan, Marekani, walionyesha kuwa kifaa kiliposoma asilimia 92 hadi 96, vipimo vya damu vilifichua upungufu hatari katika asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa weusi, na 3.6 tu vya weupe.

Utasema mtengenezaji hakukusudia. Ni kweli, na nia ina uzito wake. Ila kutojua ni udhuru mpaka elimu ifike, na sasa imefika. Anayeunda, anayenunua na anayesoma namba bila kuhoji, wote wameshika mizani.

Ndugu zetu mnaosoma uhandisi hapa Kigali, kukijaribu kifaa kwenye ngozi zetu kabla ya kukiamini ni amana. Anayepunjwa hapa hapotezi kibaba cha mchele, anapoteza pumzi.