Akili Iliyojeruhiwa na Haki ya Mwenyewe

Maswali mengi ya falsafa huzaliwa vitabuni na kufia humo humo, lakini liko moja ambalo huingia nyumbani bila ya kubisha hodi, siku ile mtu aliyeangushwa na pikipiki akaumia kichwa anaporudishwa kutoka hospitali, na mkewe, baada ya kumtazama juma zima akila na kunena na kukasirika, anapomwambia mama yake kwa sauti ya chini kwamba huyu siye. Viungo ni vile vile, sauti ni ile ile, na kovu limekwisha kufunikwa na nywele. Ila aliyekuwa mpole sasa hutukana, na aliyekuwa mwangalifu wa fedha humpa kila anyoshaye mkono. Je, mtu huyo ni yule yule? Na kama siye, yule wa kwanza yuko wapi, ilhali hakufa wala hakuzikwa?

Mfano unaotajwa kuliko yote ni wa Phineas Gage, msimamizi wa wajenzi wa reli huko Marekani. Tarehe 13 Septemba 1848, karibu na mji wa Cavendish katika jimbo la Vermont, baruti ililipuka mbele yake, na mtaimbo aliokuwa akishindilia nao, wenye urefu wa mita moja na ziada na uzito wa kilo 6 hivi, ulimwingia chini ya shavu la kushoto ukatokea utosini. Hakufa. Daktari John Harlow, aliyemwuguza, aliandika mwaka 1868 kwamba rafiki zake walimwona amegeuka hata wakasema hakuwa Gage tena, na waajiri wake hawakukubali kumrudisha katika kazi yake. Hukumu hiyo imekaririwa kwa zaidi ya karne, na wako walioifanya hoja ya kwamba tabia ya mtu ni nyama tu iliyomo ndani ya fuvu, ikiharibika nyama na mtu amekwisha.

Mimi naona waliohukumu hivyo walifunga kitabu kabla ya kukimaliza. Mwaka 1852 Gage alikwenda Chile, na huko alikaa takriban miaka 7 akitunza farasi na kuendesha gari la abiria lililokokotwa na farasi 6, mpaka afya ilipomtupa mkono akaenda kwa mama yake San Francisco, ambako alifariki mwaka 1860 kwa kifafa. Kazi ya mwendeshaji wa gari kama hilo ilitaka mtu aamke mapema, awalishe na kuwafunga farasi, apakie mizigo, awe mahali pa kuondokea kwa saa iliyowekwa, kisha atawale hatamu nyingi kwa vidole vyake juu ya njia mbovu, tena mbele ya abiria wasiojua lugha yake. Mtu aliyekwisha haiwezi kazi hiyo siku moja, seuze miaka. Hapakuwa na mtaalamu wa mazoezi aliyempangia. Naamini siku yenyewe ndiyo iliyompangia, kwa kuwa kila saa ilikuwa na jambo lake na kila jambo lilimkumbusha linalofuata, hata ule utaratibu aliopokonywa ndani akawa anaupata nje.

Wanazuoni wa sheria ya Kiislamu hawakungoja elimu ya ubongo ili walitafakari jambo hili. Kwao akili ndiyo msingi wa taklifu, yaani wa mtu kuwajibishwa na sheria, na aliyeondokewa nayo kalamu imeinuliwa kwake mpaka zimrudie fahamu zake. Lakini hawakuwagawa watu mafungu mawili tu, wenye akili na wasio nayo. Katikati walimweka safihi, asiyejua kutumia mali, ambaye huzuiwa kuifuja na akawekewa msimamizi, wala hazuiwi kusali, wala hasamehewi saumu, kwa sababu upungufu wake uko katika jambo moja na haukuenea kwa yote. Na aya ya tano ya Suratun-Nisaa, ambayo ndiyo tegemeo la hukumu hiyo, haikuishia katika kumnyima mali mikononi. Inaamuru alishwe na kuvikwa kutokana nayo, na asemezwe kwa kauli njema. Hiyo kauli njema nimeifikiri sana. Imewekwa pamoja na chakula na nguo, kana kwamba mtu hawezi kuishi bila ya yoyote katika hivyo vitatu.

Tena liko jambo dogo la sala. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi wa pwani yetu, mwenye kushuku kama amesali rakaa tatu au nne hujenga juu ya yakini, yaani hushika ile tatu, akaongeza moja, kisha husujudu sijda mbili za kusahau kabla ya kutoa salamu. Kusahau kumetangulia kupewa nafasi ndani ya ibada yenyewe, na anayesahau haambiwi atoke safuni. Laiti nyumba zetu zingefanya vivyo hivyo! Huko aghalabu mgonjwa hunyang'anywa yote kwa pamoja: fedha, funguo, shauri la harusi ya binti yake, hata haki ya kuchagua kanzu, kisha watu hushangaa kwa nini ana hasira.

Na jeraha lenyewe halinyang'anyi yote kwa pamoja. Mwanajeshi kijana wa Kirusi aitwaye Zasetsky alipigwa na risasi kichwani karibu na Smolensk mwaka 1943, akawa haoni upande wa kulia wa kitu chochote, na herufi alizozijua tangu utoto zikawa ngeni kwake. Alipojaribu kuandika alilazimika kuitafuta kila herufi peke yake, mpaka siku moja alipoambiwa aache kuziwaza herufi, auache mkono uende kwa mazoea bila ya kuinua kalamu. Mkono ulikuwa unajua! Maneno yakatoka mazima, ingawa mwandishi mwenyewe hakuweza ila kwa taabu kubwa kuyasoma aliyoyaandika. Kwa njia hiyo, kwa muda wa miaka ipatayo 25, aliandika kurasa 3,000 hivi juu ya maisha yake, na Aleksandr Luria, tabibu na rafiki yake wa miaka yote hiyo, akazitolea kitabu. Siku nyingine saa nzima ilimpita akitafuta neno moja. Asemaye kwamba mtu huyo alikuwa amekwisha na atueleze ni nani aliyekuwa akitafuta lile neno.

Ndiyo maana sikubali kwamba nafsi hupotea pamoja na kumbukumbu, wala sikubali ile faraja nyepesi ya kwamba roho haiguswi na jeraha, kwani mgonjwa anayelia kwa kuwa amempiga mwanawe ameguswa hasa. Ninalolikubali ni kwamba binadamu hakuwa peke yake hata alipokuwa mzima: tabia yake ilishikwa na mke, na jirani, na adhana, na saa ya kazi, na mshiko huo ukilegea siku aumiapo basi huwa ameumizwa mara mbili. Wako wanaompeleka kwa mganga apungwe. Dua haimdhuru mtu, lakini kumfunga kamba na kumpiga ili jini atoke ni kukijeruhi tena kichwa kilichokwisha kujeruhiwa. Aonwe na daktari wa ubongo. Apate wa kumzoeza kunena na kutembea na kuoga mwenyewe, polepole, kwa miezi na pengine miaka.

Na mke je? Mume akifa watu humjia kwa matanga, na sheria humpa eda ya miezi minne na siku kumi, muda uliowekewa huzuni mwanzo na mwisho. Mume akirudi hai lakini amebadilika, majirani humjia siku tatu na kumwambia ashukuru, kisha hutawanyika, na yeye hana ruhusa ya kulia kwa sababu hakuna maiti. Mwanamke huyo ana haki ya kumlilia yule aliyemwoa ilhali anamwuguza huyu aliye naye, na hakuna kufuru katika hilo. Akitokea shemeji wa kukaa na mgonjwa barazani alasiri moja katika juma, akamsikiliza habari ile ile kwa mara ya kumi bila ya kumwambia kwamba ameshaisema, mke huyo ataweza kulala.