Mwenye Nyumba na Mpangaji Mbele ya Amri ya Saba



Mtume Paulo alipofikishwa Roma, hali ni mfungwa, alikaa miaka miwili mizima katika nyumba aliyoipanga mwenyewe. Ndivyo kinavyomalizika Kitabu cha Matendo ya Mitume. Basi kupanga nyumba si jambo la aibu, wala si jambo lililo mbali na dini. Katika miji yetu, tangu Dar es Salaam hata Mwanza, jamaa nyingi za Kikristo hukaa katika nyumba za kupanga, na jamaa nyingine hupata riziki na karo za watoto kwa kodi ya nyumba hizo. Wote hukutana kanisani siku ya Dominika. Yasikitisha kwamba baadhi yao hupeana mkono wa amani katika Misa, kisha hurudi nyumbani wakagombana juu ya friji.

Tufikiri habari hii. Mtu amepanga nyumba pamoja na vyombo vilivyomo: friji, feni, jiko la gesi, hita ya maji bafuni, na pampu ya kupandisha maji tangini. Baada ya miezi minane friji yanyamaza. Mpangaji asema, "Si mali yangu, mwenyewe aje aitengeneze." Mwenye nyumba asema, "Nilikukabidhi ikiwa nzima, uilipe." Kila mmoja ajiona ana haki. Je, mbele ya Mungu mzigo huu ni wa nani?

Neno hili lilikwisha kuamuliwa zamani za Musa. Kitabu cha Kutoka, sura ya 22, chafundisha kwamba aliyeazima mnyama wa jirani yake, naye mnyama akaumia au akafa pasipo mwenyewe kuwapo, hana budi kulipa. Lakini mnyama aliyekodiwa kwa ujira, hasara yake imo katika ujira huo. Maana yake ni wazi: apokeaye kodi ya kitu amekubali pia kuchakaa kwake. Sura hiyo hiyo yasema kwamba mtu aliyewasha moto, ukateketeza nafaka ya mwenzake, lazima alipe. Kwa hiyo kodi hulipia matumizi ya haki. Uzembe haulipiwi na kodi.

Tutumie kipimo hicho. Friji iliyozimika kwa uzee ni mzigo wa mwenye nyumba. Lakini ikiwa mpangaji alibandua barafu kwa ncha ya kisu akatoboa bomba la ndani, mzigo ni wake. Pampu iliyokwisha nguvu baada ya miaka mingi ya kazi ni ya mwenye nyumba kuitengeneza. Pampu iliyoungua kwa sababu iliachwa ikizunguka kisima kimekauka, aliyeiacha ailipe.

Wako wenye nyumba wanaosahau kwamba wajibu wao haukomi kwa kukabidhi funguo. Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, yamwamuru ajengaye nyumba azungushe ukingo juu ya dari, mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Siku hizi hatari haiko darini tu. Iko katika hita ya bafuni isiyo na waya wa kupeleka umeme ardhini, katika nyaya zilizochubuka, katika mpira wa gesi uliopasuka. Ajuaye kwamba hita yake hurusha watu, naye akaipangisha vivyo hivyo, amekwisha kuivuka Amri ya Saba. Anasimama mbele ya Amri ya Tano. Hata serikali yadai hivyo: Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 yamtaka mpangishaji ahakikishe kwamba nyumba ya kuishi yafaa kukaliwa na watu.

Mpangaji naye asidhani kwamba cha mwenzake hakimhusu. Wajibu wake wa kwanza ni kusema mapema. Bomba linalodondosha leo litaozesha ukuta kesho. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Anyamazaye mpaka hasara iwe kubwa, kwa kuwa mali si yake, amemdhulumu mwenzake kwa ukimya wake.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2409, yataja kuharibu mali kwa makusudi miongoni mwa makosa ya Amri ya Saba. Na namba 2410 yataja mikataba ya kupangisha kati ya ile ipasayo kutimizwa kwa nia njema. Basi ahamaye alfajiri akiacha jiko alilolivunja bila kusema, na mwenye nyumba azuiaye amana ya mpangaji kwa kasoro iliyokuwapo kabla yake, wamefanya kosa la namna moja. Hawa wasidhani kwamba kuungama tu kwatosha. Mali ya watu hurudishwa. Asiyeweza kulipa mara moja na alipe kidogo kidogo, wakisikilizana.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Siku ya kukabidhiana funguo, wote wawili wawashe kila chombo, waandike hali yake na kutia sahihi. Waandike pia nani atamwita fundi, na nani atamlipa. Karatasi hiyo moja yaweza kuzuia uadui wa miaka.

Mwisho, haki isitenganishwe na mapendo. Labda katika friji iliyozimika mama alikuwa akihifadhi dawa ya kisukari ya mtoto wake. Kumchelewesha fundi wiki mbili si jambo dogo. Labda mwenye nyumba ni mjane, na kodi hiyo ndiyo chakula chake. Kumtaka anunue friji mpya leo hii ni kumkaba koo. Kila mmoja na aulize hali ya mwenzake kabla ya kudai.

Leo jioni, kabla ya sala, kila mpangaji na kila mwenye nyumba na ajiulize: Je, kiko chombo ninachokijua kuwa kibovu, nami nimenyamaza? Kama kiko, kesho asubuhi na aseme. Mtakatifu Yosefu, aliyehangaika kuitafutia Jamaa Takatifu mahali pa kulala, atuombee.