Kipya Kinyemi, na Deni la Vitu Vikuukuu

Ukitaka kujua kama mtu analipenda gari lake au anajipenda yeye mwenyewe, usimwulize linakimbia kiasi gani. Mwombe akuonyeshe risiti. Risiti za ekzosi mpya, rimu na usukani wa mashindano zinasema jambo moja. Risiti za mafuta ya breki, bushi na mipira ya rejeta zinasema jingine. Kwa mwaka mmoja na nusu nimekusanya risiti za aina zote mbili, na swali lililonijia si la kifundi. Ni hili: kitu tunachokimiliki kinatudai nini? Na kama kinadai, mdai hasa ni nani?

Gari lenyewe ni Mazda MX-5 ya toleo la kwanza, ya mwaka 1991. Limenizidi umri. Lina injini ya lita 1.6, nguvu za farasi 115, viti viwili, na taa za mbele zinazofumbuka na kufumba kama macho. Tulilinunua wawili, nusu kwa nusu, mimi na mwanafunzi mwenzangu wa shahada ya uzamili hapa Aachen, kwa sababu Nürburgring haiko mbali. Njia ya zamani ya huko, Nordschleife, ina urefu wa takriban kilomita 20.8 na imetumika tangu 1927. Formula 1 haikurudi kukimbia pale baada ya Niki Lauda kuungua vibaya mwaka 1976. Lakini zipo siku ambazo raia wa kawaida mwenye leseni, na gari linaloruhusiwa barabarani, hulipa kiingilio akaingia. Unakuta Porsche za mwaka huu, halafu unakuta sisi.

Msimu uliopita tulikuwa na akiba ya euro 1,800. Mwenzangu alitaka turbo. Mimi nilitaka kuchomelea mbavu za bodi chini ya milango, sehemu ambayo kwenye magari haya huliwa na kutu kutoka ndani, kisha tubadilishe mipira yote ya maji, bushi na sehemu za breki zilizochoka. Pesa haikutosha kwa yote. Tulibishana wiki tatu.

Hoja zake hazikuwa za kitoto. Ya kwanza: kutunza na kuboresha ni kitu kimoja, kwani vyote viwili ni kutoa cha zamani na kutia kipya. Akanikumbusha meli ya Theseus, ambayo Plutarch anasimulia kwamba watu wa Athens waliihifadhi kwa kutoa mbao zilizooza na kuweka nzima, mpaka wanafalsafa wakaanza kubishana kama bado ni meli ileile. Ya pili: hatari ni yake, ameichagua, na mtu mzima ana haki ya kuchagua hatari yake.

Hoja ya meli ilinikalia kichwani siku kadhaa. Wanafalsafa huuliza kama meli ilibaki ileile. Mimi nilijikuta nikiwawaza mafundi. Hakuna aliyekuwa akiongeza tanga ili ishinde mashindano. Aliyebadilisha ubao alianza kwa kuikagua meli na kuuliza: umeoza wapi? Anayetia turbo anaanza kwa kujiuliza mwenyewe: ninataka nini? Mikono inafanya kazi inayofanana, spana ni zilezile, ila mmoja anasikiliza na mwingine anaagiza. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Walisema pia usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali ya kwanza inaeleza tulivyo, ya pili inaeleza tunachopaswa kufanya, na kwa kawaida ya kwanza ndiyo hushinda.

Hushinda kwa sababu ufa hauonekani. Chukua mafuta ya breki. Hufyonza unyevu wa hewa polepole, hata gari likiwa limeegeshwa. Mafuta ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishaingiwa na maji kidogo, chini ya asilimia nne, kiwango hicho kinaweza kushuka hadi nyuzi 155. Ukishuka mteremko wa Nordschleife kwa kasi, breki hupata moto kweli kweli. Mafuta yakichemka hutoa mvuke, mvuke hubonyea, na mguu wako unafika sakafuni gari likiwa bado linakwenda. Ukiyatazama kwenye kopo lake, mafuta mabovu yanaweza kufanana kabisa na mazima.

Au chukua chuma chenyewe. Katika uhandisi ninaousoma, jina la August Wöhler halikwepeki. Katika karne ya 19 alichunguza ekseli za mabehewa ya reli, akaonyesha kwamba chuma kinaweza kuvunjika kwa mzigo ambao kingeubeba bila shida mara moja, ikiwa mzigo huo utarudiwa mara nyingi mno. Chuma huchoka na hakilalamiki. Kuongeza turbo kwenye gari lenye zaidi ya miaka thelathini ni kuongeza joto na mzigo kwa vitu vilivyochoka tayari.

Na hapo ndipo hoja yake ya pili ilipokwama. Mpira wa rejeta ukipasuka kwenye kona, maji yenye dawa humwagika barabarani, na wa kwanza kuteleza ni anayekuja nyuma, mtu ambaye hakuwahi kuulizwa kama anaikubali hatari ya mwenzangu. Tunasema gari langu, pesa yangu, roho yangu. Lakini Kiswahili chenyewe hakina kitenzi cha moja kwa moja cha kuwa na kitu: nikisema “nina gari”, ninasema niko pamoja nalo. Na ukiwa pamoja na kitu kinachoweza kuua, umeshika amana ya watu usiowajua. Breki zangu ni mali yangu kwenye karatasi. Zinapofanya kazi, ni za kila aliye mbele yangu.

Dada yangu, aliyeko Tanga, alikuwa na pingamizi zito zaidi kuliko la mwenzangu. “Mdogo wangu, hela ya kuchomelea bati la gari la kuchezea, si ungemlipia mtoto ada?” Huwa natuma nyumbani ninachoweza, lakini hilo si jibu. Gari hili ni anasa, na sina hoja ya kuigeuza anasa kuwa wajibu. Ninachoweza kusema ni kwamba anasa ikishaanza, huzaa wajibu wake. Njia za haki naziona mbili: kuliuza, na kumwambia mnunuzi kutu iko wapi, au kulitunza sawasawa. Kubaki nalo likiwa linang’aa juu na linaoza chini ni kukopa kwa jina la wengine.

Mjomba, ambaye ametengeneza daladala maisha yake yote, hakuhitaji falsafa. Nilipompigia na kumwamkia, aliitika marahaba, akauliza: “Hizo breki umezifungua mwenyewe, au umeambiwa ziko sawa?”

Mwishoni nilimwambia mwenzangu kwamba akitia turbo juu ya mbavu zile, sitaendesha wala sitapanda. Hakupenda. Alikubali pesa iende kwenye kuchomelea, huku akisema nimeligeuza gari kuwa mgonjwa wangu. Bado anaweka akiba ya turbo, na bodi ikiwa imara sina cha kumpinga. Kuboresha si dhambi. Kuna foleni tu, na kilichooza kiko mbele.

Sidhani kwamba jambo hili ni la magari peke yake. Kwetu utepe hukatwa kwa daraja jipya. Sijawahi kuona utepe ukikatwa kwa bomba lililozibwa, wala mgeni rasmi akialikwa kushuhudia bushi. Kazi ya matunzo ikifanywa vizuri, matokeo yake ni kwamba hakuna kilichotokea. Gari letu sasa halijaongeza hata farasi mmoja. Tunapitwa na karibu kila mtu, na wanaotupita hawajui kwamba sehemu ya euro zile 1,800 ilitumika kwa ajili yao.