Uliza Dumu Lilibeba Nini

Mwanangu, weka tupa chini unisikilize. Maneno haya nimewaambia mafundi wengi wa hapa kwetu Chiola, na nimechoka kuyasema, lakini msimu wa kupulizia mikorosho ukiisha madumu huzagaa mashambani na wewe unayaona ni mali. Ni mali kweli. Plastiki ya dumu ukiilainisha kwa moto na kuikandamiza kwenye kalibu inakupa bushi, washa, hata puli ndogo. Tangu enzi za mpango wa karanga wa 1947, uliokuja na matrekta yake hadi Nachingwea, huku kwetu mashine husimama kwa kukosa kipuri kidogo tu. Kwa hiyo kazi yako naiheshimu. Ninachokukataza ni dumu la dawa.

Plastiki hunyonya. Salfa ya unga huja kwenye mifuko, lakini dawa za maji huingia ndani ya ukuta wa dumu, na hakuna kuosha kunakozitoa zote. Ukiliweka motoni, mvuke wake unaupumua wewe na huyo mtoto anayekuchochelea mkaa. Kinachosalia kinaingia kwenye kipuri.

Na kipuri kinakwenda wapi? Wafini walipotuletea mradi wa maji mikoa ya Lindi na Mtwara, miaka ya 1970 na kuendelea, walituzoesha pampu za mkono za Nira. Ile AF-85 fito lake ni bomba la plastiki, jamii moja na dumu lako, limezibwa likabaki na hewa ndani. Huelea kisimani, ndiyo maana mama anayevuta maji haelemewi. Siku utakapoletewa bushi iliyolika ya pampu kama hiyo, nawe ukatengeneza nyingine kwa dumu la dawa, kumbuka kwamba maji yanapita hapo kabla ya kufika kwenye ndoo ya mtu.

Tafuta dumu la mafuta ya kula. Tazama chini yake, pembetatu yenye namba 2. Kata kipande ukitie majini: kikielea, endelea. Kikizama, acha. Vipande vya mabomba ya kijivu ya maji huzama, na hivyo usivichome kabisa, moshi wake una asidi inayokula mapafu na kutia kutu vyuma vyako.

Najua huna mashine ya kukerezea. Sufuria kuukuu isiyorudi jikoni, kipande cha bomba la chuma kwa kalibu na jeki ya gari vinatosha, ukiwa na subira. Plastiki hii huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 130 hivi. Ukiona moshi, umeshaiunguza. Ikishajaa kwenye kalibu, kaza jeki uiache ipoe hadi moyoni. Hapa ndipo vijana mnaponichosha. Nje imeshakuwa ngumu, mnaichomoa, kumbe ndani bado laini, na bushi inatoka na mapango. Inapopoa hunywea kama 2 au 3 katika kila 100, basi kalibu iwe kubwa kuliko kipimo, kisha umalizie kwa tupa na msasa. Tundu la shafti uliachie nafasi, kwa maana plastiki hutanuka kwa joto karibu mara 10 kuliko chuma. Iliyoingia vizuri asubuhi itabana jua likiwa utosini. Karibu na injini ya mashine ya kusaga usiiweke. Hapo mwambie mteja asubiri chuma, hata akikasirika.

Wakulima wanaokuletea madumu ya dawa usiwafukuze. Waambie dumu husuuzwa mara 3 palepale shambani, na maji ya kusuuzia yamiminwe kwenye bomba la kupulizia yatumike kwenye mikorosho. Kisha litobolewe, lisije likachotewa maji na mtu mwingine, na bwana shamba aulizwe pa kulipeleka. Ukiwa na msumari karibu, litoboe wewe mwenyewe mbele yao.