Senetwet na Maji Yaliyolala

Mwalimu mmoja mstaafu alijenga nyumba bondeni, karibu na Mto Sosiani mjini Eldoret. Alitaka senetwet mbele ya veranda, kile kichaka cha asili chenye mashada ya maua ya manjano yaliyosimama wima na vitumba vyeusi juu yake. Mkaa wake ndio mama zetu husugulia kibuyu cha sotet kabla ya kutia maziwa ya kugandisha mursik. Alikuwa ameuona mmea huo ukijimea kando ya mto, akasema moyoni: mti wa kwetu, tena unapenda maji, hautanisumbua.

Mwezi wa Machi alichimba mashimo marefu kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, akayajaza samadi na udongo laini, akapanda miche. Mvua ya Aprili ikaja. Maji yaliingia upesi kwenye udongo laini, yakafika kwenye mfinyanzi, yakakosa pa kutokea. Kila shimo likawa beseni. Kufikia Mei majani yalikuwa ya manjano na yamelegea. Mwalimu akadhani miche ina kiu na njaa. Akazidisha maji na mbolea.

Jirani yake, bibi mmoja mkongwe aliyemwita Kogo, yaani nyanya, alishika mche mmoja akauvuta. Ulitoka bila ubishi. Mizizi ilikuwa myeusi, ganda lake likichunika vidoleni, ikinuka uvundo.

“Mwalimu, hukuunyima kitu. Umeuzamisha.”

“Lakini Kogo, si unamea mtoni?”

“Unamea ukingoni, mwanangu. Pale maji hupita, hayalali.”

Mizizi hupumua. Maji yakijaza nafasi zote za hewa udongoni, mizizi hufa na kuoza, wala haiwezi tena kunyonya maji yaliyoizunguka. Kwa hiyo mmea ukinyauka ilhali udongo umelowa, weka debe chini.

Kabla ya kupanda, chimba shimo la futi moja, ulijaze maji, urudi kesho yake. Ukikuta maji bado yamesimama, usichimbe zaidi, panda juu. Inua tuta pana la udongo wa hapo hapo uliochanganywa na samadi, na ukate mtaro wa kuteremsha maji. Mahali pasipokauka kabisa, panda sesbania, kichaka kingine cha asili chenye maua ya manjano, kinachovumilia kusimama majini.

Mti kuwa wa kwetu hakuupi uwezo wa kumea kila pembe ya kwetu. Nenda kwanza unakojimea wenyewe, ushike udongo wa chini yake, uone maji yanaelekea wapi. Baada ya hapo chukua jembe.